Ngoma ya Ndani Juu ya Barafu

Mwanamize binti Mbarouk alikuwa muuza vitambaa katika duka la Raksha, kwenye barabara kuu ya Kings Heath, mjini Birmingham, na mkono wake ulisifika kwa kukata kitambaa kirefu bila kukipinda. Siku moja ya mwaka 1978 aliingia mama mmoja wa Kiingereza, kikapu cha viazi mkononi, akamkazia macho mpaka mkasi ukasita.

"Wewe si yule binti wa barafu?" aliuliza yule mama. "Yule aliyechukua kombe pamoja na kijana wa Kihindi? Tuliwaona kwenye televisheni. Mume wangu alisahau chai yake ikapoa!"

"Umenifananisha, mama," alisema Mwanamize, akainamia kitambaa.

Mteja alipokwisha kutoka, Raksha aliinua kichwa kutoka kwenye nyuzi alizokuwa akizipanga.

"Wengine wangebandika picha dirishani," alisema. "Wewe unakana kama umeshtakiwa kwa wizi."

Mwanamize alicheka kidogo, kicheko cha kuomba mazungumzo yaishe. Raksha alikuwa amegusa penyewe bila kujua. Moyoni mwake Mwanamize alijiona mwizi kweli, tena mwizi wa nyumba mbili: alichukua kisicho chake kwa wanawake waliomlea, kisha akamnyang'anya mwanamume aliyemwamini. Kombe lenyewe lilikaa chini ya kitanda chake, limefungwa ndani ya kanga kuukuu, na hakulifungua hata kulipangusa vumbi.

Alizaliwa Unguja mjini, na mama yake alifariki angali mdogo. Baada ya mapinduzi ya 1964 baba yake, Mbarouk, aliyekuwa karani bandarini, alimshika mkono wakaondoka na sanduku moja. Walipitia Mombasa, na mwishowe wakafika Birmingham, alikokuwa ndugu yao mmoja. Mbarouk akapata kazi kwenye karakana ya treni kule Tyseley, wakapanga nyumba Aston, katika safu ya nyumba za matofali zilizobanana hivi kwamba jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayetafuta leso.

Mtaa huo huo aliishi Bi Sikuzani, mwanamke wa makamo aliyetoka Unguja pia. Kwa Waingereza Bi Sikuzani alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali. Kwa wanawake wa kwao alikuwa somo, yule anayemfunda msichana akishavunja ungo. Anayemtia chumbani, akamwimbia na kumchezea yale ambayo mwanamume hatakiwi kuyaona wala kuyasikia. Ni mambo ya ndani. Hayasemwi nje, hata kwa mume, hata kwa mzaha.

Shida ya Aston ilikuwa ngoma. Msondo, ile ngoma ndefu ya kufundia, ulipolia tu, mzee wa nyumba ya pili alianza kuugonga ukuta kwa mpini wa fagio. Bi Sikuzani alifikiri akapata dawa. Uwanja wa mpira haukuwa mbali, na timu ya Villa walipocheza nyumbani wanaume wa mtaa walimiminika huko, mzee wa fagio akiwamo, na kelele zao zikavuma juu ya mapaa. Basi siku za mechi zikawa ndizo siku za kufunda. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, mkeka ukatandikwa, na uwanja ulipolipuka kwa bao, chumbani nako vigelegele vililipuka, wala hapakuwa na mtu mtaani aliyeweza kutenganisha sauti hizo.

"Leo Villa wakifungwa, tutanong'ona ngoma," alisema mmoja wa wanawake siku aliyofundwa Mwanamize.

"Waache wafungwe," alijibu Bi Sikuzani. "Weye piga. Hao wana kelele hata za msiba."

Mwanamize aliwekewa bakuli la maji kichwani, akaambiwa acheze.

"Kifua kinyamaze, kiuno kiseme," Bi Sikuzani alimhimiza. "Tone likianguka utapiga deki nyumba nzima, na ngazi."

Alipiga deki siku ya kwanza. Akapiga deki na siku iliyofuata, wanawake wakimcheka, "Mwali wetu kafundwa ufagizi!" Lakini alipozidi kucheza, maji yalitulia ndani ya bakuli, na chini ya maji yale kiuno chake kilizunguka na kukata kama kwamba ni cha mtu mwingine aliyesimama nyuma yake. Wanawake waliacha kucheka. Bi Sikuzani alimshika kidevu.

"Haya nilipewa na somo yangu, naye alipewa na wake," alisema. "Hayana mwenyewe. Ukitoka mlango huu unatoka na mwili wako. Ya humu unayaacha humu."

"Naam, somo," aliitika Mwanamize. Na aliitika kwa dhati.

Barafu ilimjia kwa njia ya shule. Darasa lao lilipelekwa kwenye ukumbi wa kuteleza uliokuwa katikati ya mji, na wakati wenzake walishikilia ukuta wakilia, yeye aliuacha ukuta akaenda. Mwalimu wa pale, Gertrude, Mwingereza mrefu aliyevaa koti la manyoya na kunyonya peremende kutwa, alimfuata akamwuliza ni nani aliyemfundisha kusimama namna ile. Alikuwa hajaona mwanafunzi mpya ambaye mabega yake yalitulia huku magoti yake yakifanya kazi. Mwanamize alisema hakuna aliyemfundisha. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya barafu, na wakati ule aliuona kuwa ni adabu tu.

Gertrude alimfundisha dansi ya barafu, mchezo wa watu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaokwenda kwa muziki wakiwa wameshikana. Mwaka 1969 alimtafutia mwenzake. Alikuwa Jasbir, kijana wa Kisingasinga aliyekuja na wazazi wake kutoka Kisumu, mwenye kazi katika kiwanda cha vyuma. Siku ya kwanza Jasbir aliteleza mpaka kwake, akasalimia kwa Kiingereza cha heshima, kisha akauliza anatoka wapi.

"Unguja," alisema Mwanamize.

Uso wa Jasbir ulifunguka. "Basi mimi nasema Swahili na mwalimu mwenyewe! Mimi iko mtu ya Kisumu. Baba yangu fundi ya reli."

"Hicho chako si Kiswahili," Mwanamize alimjibu. "Hicho ni garimoshi lililoacha njia."

Jasbir alicheka mpaka akaanguka, na ndipo Gertrude alipojua kwamba watapatana. Tangu siku hiyo lugha yao ya kazi ikawa Kiswahili. Walisahihishana, walitukanana, walitiana moyo mbele ya waamuzi, na hapakuwa na aliyewaelewa.

Mbarouk hakuipenda habari ya mwanamume. Alikwenda ukumbini akakaa na koti lake, akatazama. Alimwona binti yake kavaa sketi inayopita magoti na soksi nene, na kijana kamshika kwa hadhari, kama aliyebeba sinia la vikombe vya kuazima. Alirudi nyumbani amenyamaza, na kunyamaza kwake kukahesabiwa ruhusa. Maneno ya mtaani aliyazima Bi Sikuzani mwenyewe.

"Mwacheni mtoto ateleze," aliwaambia wanawake. "Baridi ile hata shetani haingii."

Jasbir naye alilipa kwa namna yake. Gertrude alimweleza kwamba waamuzi hutazama mstari wa miili miwili, na kilemba chake kinauvunja mstari. Jasbir aliwaza wiki nzima. Kisha alitokea mazoezini na kofia ya sufu, akaivua, na nywele zake, ambazo kwa dini yao hazikatwi maisha, zilikuwa zimekatwa kama za Mwingereza yeyote. Baba yake hakumgombeza. Aliacha tu kumwita kwa jina. Tangu siku hiyo alimwambia "wewe".

"Itapita," Jasbir alimwambia Mwanamize. "Siku jina yangu itaandikwa mahali, atalisoma."

Kwa miaka miwili walishika nafasi za kati. Waamuzi waliandika kwamba walikuwa safi lakini baridi. Halafu, mwanzoni mwa 1972, Gertrude alileta santuri ya ngoma alizozitoa sijui wapi, akaiweka wakati wanapumzika. Ngoma ile haikuwa msondo, lakini ilikuwa na mlio wa chini unaofanana nao. Mwanamize alikuwa akizunguka peke yake, akifikiria chakula cha jioni, na kiuno chake kikaitika.

Jasbir alisimama. "Hiyo nini?"

"Si kitu."

"Fanya tena."

"Nimesema si kitu, Jasbir."

"Kwani mimi kipofu? Fanya tena."

Gertrude alikuwa ameacha kunyonya peremende yake. Mwanamize aliwatazama wote wawili, akaona kwenye nyuso zao kitu ambacho hajawahi kukiona kwa ajili yake: njaa ya kutaka zaidi. Alirudia. Safari hii alifanya kwa makusudi, akiteleza kinyumenyume, mabega yametulia kama yamebeba bakuli, na kiuno kikisema.

Usiku ule alijitafutia udhuru, na udhuru haumkosi mwenye kuutaka. Alijiambia kwamba pale hapakuwa na mkeka wala msondo. Alikuwa na viatu vya chuma miguuni na sketi ndefu. Waliotazama ni watu wasiojua, na asiyejua haoni. Alijiambia kwamba ya ndani yanabaki ya ndani madhali hayana jina, na yeye hatayapa jina. Gertrude ndiye aliyeyapa jina. Aliuliza Unguja kunatoka nini, akajibiwa karafuu, akaiita ile dansi yao Karafuu.

Kwa Karafuu walichukua ubingwa wa kanda ya Midlands. Watu walisimama vitini. Jasbir alimwinua juu, na kombe lilikuwa baridi mikononi mwake kama kipande cha barafu yenyewe, na Mwanamize alikuwa na furaha. Hilo ndilo lililomwuma zaidi baadaye: kwamba alifurahi kwa moyo wote, bila doa.

Televisheni ya kanda iliyaonyesha mashindano Jumamosi iliyofuata. Villa walikuwa wakicheza nyumbani, na Bi Sikuzani alikuwa na mwali wa kufunda. Mwanamize alikwenda kusaidia, kama ilivyompasa kila aliyefundwa pale. Chumba cha nyuma kilikuwa na wanawake na msondo. Chumba cha mbele siku hiyo kilikuwa na wanaume wachache, jambo lisilo la kawaida. Mbarouk alikuwa ameomba, kwa kuwa Bi Sikuzani ndiye aliyekuwa na televisheni, na wote walijua kitakachoonyeshwa. Ngoma ilikuwa imepumzishwa tangu wanaume walipoingia, mwali anakunywa chai, Mbarouk alipogonga mlango wa kati.

"Jamani, njooni mumwone Mwanamize! Njooni, anatoka sasa hivi!"

Wanawake walijitanda kanga zao wakasogea mlangoni, wakicheka na kumsukuma Mwanamize mbele. Kwenye kioo alionekana yeye, mdogo, wa kijivu, na Jasbir pembeni. Muziki ulianza.

"Yakhe, anakwenda kama maji ya kumwagwa!" alisema Ameir, rafiki wa Mbarouk.

Kisha ile sehemu ikafika. Wanaume waliendelea kupiga makofi, maana hawakujua. Nyuma yake Mwanamize alisikia kicheko cha wanawake kikikatika. Hakikupungua, kilikatika. Na katika kimya hicho mwali, ambaye hajajifunza bado kuzuia ulimi, alisema kwa sauti ya kushangaa:

"Somo, hiyo si ile ya leo?"

Ameir aligeuka. "Ile ipi ya leo?"

Mbarouk aliwatazama wanawake, akamtazama binti yake, akakitazama kioo. Akafahamu kiasi cha kutosha, na mikono yake iliyokuwa ikipiga makofi akaiweka juu ya magoti, akainama kuitazama. Mwanamize aliona masikio ya baba yake yakiwa mekundu. Ardhi ya Aston ilikuwa ngumu, haikupasuka.

Bi Sikuzani alikipa kioo kisogo. Alirudi chumba cha nyuma, akautwaa msondo, akaufunika kwa kanga.

"Basi," alisema. "Kwa leo imekwisha."

Hakuna aliyemtukana Mwanamize. Angetukanwa angepata la kujibu. Arusi ilipofuata alialikwa kama wengine. Alivua viatu mlangoni, akaelekea kwenye mkeka walikokaa wanawake wa nyumbani, na kabla hajafika, msichana mmoja wa kuhudumia arusi alimwekea kiti. Kilikuwa kiti kizuri, chenye mto, kando ya majirani wawili wa Kiingereza walioalikwa kwa ujirani mwema.

"Karibu kiti, Bi Mwanamize," aliambiwa kwa adabu zote.

Alikaa juu ya kiti kile mpaka mwisho, sahani ya biriani juu ya mapaja, akijibu maswali ya jirani kuhusu pilipili. Chini, kwenye mkeka, wanawake waliongea kwa sauti ndogo. Kila aliposogea, waliyakata maneno yao kama wanavyoyakata mgeni akipita.

Alivumilia mpaka akashindwa. Siku moja alimngoja Bi Sikuzani nje ya mahali alipofulia, wakatembea pamoja hadi kituo cha basi.

"Nimekuja kuomba radhi, somo."

"Kwangu?" Bi Sikuzani hakupunguza mwendo. "Miye hukunikosea. Kama ningekuwa mwenye kitu, ningekusamehe sasa hivi twende zetu. Lakini nilikwambia, hakina mwenyewe. Sasa nani akusamehe?"

Mwanamize alilia bila sauti.

"Sikiliza, mwanangu. Tumeacha nyumba kule. Tumeacha makaburi. Bandarini walitupekua mpaka mishono ya nguo. Kitu walichoshindwa kutupekua ni kile, kwa sababu tulikibeba ndani. Na weye ndiye uliyekifungua, ukawapa watu waliokuwa hata hawajaomba." Alitupa jicho barabarani. "Na nasikia sasa kinaandikwa kitabuni."

Ilikuwa kweli. Katika dansi ya barafu kuna mwendo uliowekwa, ambao kila mchezaji lazima aujifunze na kupimwa nao. Mara moja moja wakubwa wa mchezo hupokea dansi mpya, huichora mistari yake, na tangu hapo watoto wa kila ukumbi hufundishwa. Gertrude alikuwa amewaandikia kuhusu Karafuu. Walikubali kuja Birmingham kuitazama.

"Nifanyeje, somo?"

Basi lilikuwa limefika. Bi Sikuzani alishika chuma cha mlangoni akapanda, akageuka.

"Unaniuliza miye? Miye nilikwisha kukufundisha."

Mwanamize angeweza kukataa kwenda. Alijiambia hivyo mara elfu baadaye. Lakini kukataa kulihitaji sababu, na kila sababu ya kweli aliyojaribu kumtungia Jasbir ilipita katika chumba kile kile. Kumweleza mwanamume kwa nini mwendo ule hautakiwi kuonekana na wanaume ilikuwa ni kumwonyesha upya. Basi aliahirisha. Kila mazoezi alisema, nitamwambia kesho. Na Jasbir, ambaye hakujua kitu, alizidi kung'aa.

"Mzee atakuja," alimwambia siku moja, akikaza kamba za viatu. "Mama amemwambia jina yangu itaingia katika kitabu ya mchezo. Hakusema kitu. Lakini ameuliza basi namba gani."

"Atakuja kweli?"

"Ameuliza basi, bana! Mtu hauliza basi kama haendi."

Siku yenyewe, mwaka 1973, baba yake Jasbir alikuja. Alikaa mstari wa mbele, kilemba cheupe, mikono juu ya kichwa cha fimbo yake. Ng'ambo walikaa wakubwa wa mchezo, na mmoja wao alikuwa na karatasi pana ya kuchorea mistari. Gertrude alikuwa ameacha koti nyumbani akavaa kofia mpya.

Santuri ilianza. Waliondoka vizuri. Viganja vyao vilijuana, na Mwanamize aliusikia moyo wa Jasbir mgongoni kwake. Mlio wa chini ulipoingia, mwili wake wote ulitaka kuitika. Alikaza meno, akakaza tumbo, akakifunga kiuno kama mtu anayefunga mlango kwa mgongo wakati watu wanausukuma. Aliteleza amenyooka kama mlingoti.

"Kiuno!" Jasbir alinong'ona. "Mwanamize, kiuno!"

Alizidi kukaza.

"Iko namna gani? Umeumia?"

"Nimesahau," alisema Mwanamize.

Walizunguka tena, na tena mahali pale palipita patupu. Alimsikia Jasbir akipoteza pumzi, akijaribu yeye mwenyewe kulijaza pengo kwa mabega na mikono, akionekana kichekesho. Muziki ulikwisha. Wakubwa walishuka wakainama kutazama mistari iliyoachwa na vyuma juu ya barafu, wakanong'onezana. Yule mwenye karatasi alisema kwa upole kwamba mistari ilikuwa mizuri, ila walikuwa nayo mingi ya namna hiyo. Hakuona kipya. Alikunja karatasi yake ikiwa nyeupe.

Baba yake Jasbir alisimama. Hakukasirika. Alikishika kilemba chake, akakiweka sawa ingawa kilikuwa sawa, akatoka polepole. Jasbir alimtazama mpaka mlango ukajifunga.

"Niambie tu," alimwambia Mwanamize. "Mimi sitakasirika. Niambie kwa nini."

"Nimesahau, Jasbir."

"Mtu nasahau jina. Nasahau funguo. Hasahau kiuno yake." Alisubiri. Mwanamize aliitazama barafu. "Haya," alisema Jasbir, na akaenda zake, na hawakuteleza pamoja tena. Mwanamize alimrudishia Gertrude ufunguo wa kabati lake wiki hiyo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, bingwa mstaafu.

Habari za mambo kama hayo hufika zenyewe. Arusi ilipofuata Aston, Mwanamize alivua viatu mlangoni akangoja kiti. Hakuna aliyekileta. Bi Sikuzani, bila kumtazama, alijisogeza kidogo kwenye mkeka, nafasi ya mtu mmoja. Mwanamize alikaa. Wanawake walimpa bakuli la kupitisha, mmoja akamtania kuwa amekonda, maneno hayakukatwa tena. Alikuwa amerudi nyumbani. Na pale pale, bega lake limegusana na la somo yake, alikiona moyoni kilemba cheupe cha baba yake Jasbir kikiwekwa sawa. Aibu ilikuwa imehama chumba tu.

Miaka ilipita hivyo, kati ya duka na nyumba. Mbarouk alizeeka kwa ukimya; siku ile ya televisheni hawakuizungumza hata mara moja. Mwanamize alikataa kufundisha watoto barafu, alikataa picha, alimkataa mama wa viazi. Na juma hilo hilo alilomkana mama wa viazi, kengele ya mlango wa duka ililia, akaingia mwanamume mwenye ndevu na kilemba cha buluu.

"Nataka melimeli," alisema kwa Kiswahili. "Nyeupe. Ya kilemba."

Mwanamize alishika ukingo wa kaunta. "Jasbir."

"Garimoshi yenyewe," alisema Jasbir.

Raksha aliwatazama, akakumbuka ghafla kazi aliyokuwa nayo ghalani. Mwanamize alishusha jora la melimeli. Aliuliza habari za nyumbani. Jasbir alikuwa ameoa. Dada yake mdogo alikuwa anaolewa mwezi ujao, na mzee alitaka kumfunga Jasbir kilemba kwa mikono yake mwenyewe.

"Anakuita kwa jina?"

"Ananiita. Lakini kwanza anakohoa."

Wakacheka, kisha kicheko kikaisha. Mwanamize alikata kitambaa. Jasbir alitazama mkasi ukienda.

"Mimi nataka uliza wewe kitu moja," alisema. "Ile siku. Hukusahau."

"Sikusahau."

"Basi?"

Mkasi ulifika mwisho. Mwanamize aliuweka chini.

"Haukuwa wangu," alisema. "Ule mwendo. Haukuwa wangu kuutoa. Siwezi kukwambia zaidi ya hapo, Jasbir. Hata leo siwezi."

Jasbir alipapasa ukingo wa kitambaa. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na hasira, na ingekuwa nayo ingekuwa afadhali.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Na hiyo si ingetosha?" alisema. "Mimi nilikata nywele, na haikuwa yangu ya kukata. Watu wote pale, wewe umefikiri mimi ndiyo sitaelewa?"

Mwanamize aliusukuma mkasi kando. Miaka yote hiyo aliamini kwamba palikuwa na njia mbili, kufungua mlango wote au kuwa bubu. Neno dogo kama lile, lisilomwaga siri yoyote, lilikuwa mdomoni mwake tangu mwanzo. Hakulisema. Na hakunyamaza kwa ajili ya wanawake. Aliogopa tu kuutazama uso wa Jasbir wakati wa kulisema.

"Nisamehe," alisema.

Jasbir hakusema ndiyo wala siyo. Aliokota pembe za melimeli.

"Shika upande ule," alisema. "Hii kitu kukunja lazima watu wawili, na mke wangu hayupo."

Mwanamize alizunguka kaunta akashika pembe za upande wa pili. Walirudi nyuma, kila mmoja kwake, mpaka kitambaa kikanyooka kutoka mlangoni hadi kwenye rafu za sufu. Jasbir alikivuta, naye akakivuta. Walikikunja kwa upana wake, wakakivuta tena, kisha wakaanza kusogeleana, hatua kwa hatua, melimeli ikipungua kati yao. Alijua bila kuambiwa ni lini atasimama na ni lini atakwenda. Walipokutana katikati ya duka alimkabidhi pembe zake bila kumgusa vidole, na hakuinua macho.

"Asante," alisema Jasbir.

Kengele ililia. Mwanamize alibaki amesimama pale pale, mikono yake bado imeinuliwa kidogo, mpaka Raksha alipotoka ghalani akamwuliza kama mteja amepata alichotaka.